Namna ya kumtanguliza Mungu wakati kodi, ada na madeni vimeshakutangulia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, nashona sare za shule, vitenge, magauni ya send-off, napunguza na suruali za mitumba. Sio mchungaji wala mwinjilisti, kwa hiyo mtakaoona nimeteleza mahali mnisahihishe kwa upole. Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila mtu ukimweleza shida yako anakwambia "mtangulize Mungu", umekosa ada mtangulize Mungu, umeachwa na mchumba mtangulize Mungu, umefukuzwa kazi mtangulize Mungu, sasa hakuna anayekaa na wewe akakuonyesha unamtangulizaje, saa ngapi, unaanza na nini. Ni kama mimi nimwambie binti anayejifunza kwangu "shona vizuri" halafu nachukua mkoba naondoka.

Basi naeleza ninavyofanya mimi, vingine nimevijua kwa kukosea.

Januari 2024 nilikuwa na mambo manne kwa mpigo. Mume wangu alivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda toka Novemba, yuko ndani na hogo, ile plasta ya mguuni, haingizi kitu. Kodi imeisha na mwenye nyumba anataka ya miezi sita, elfu themanini mara sita, piga mwenyewe, 480,000. Mota ya ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za nguo, ikaungua katikati ya oda ya sare, na mnajua Januari shule zinafungua, mzazi hakusikilizi, anataka sketi ya rinda ya mtoto wake Jumapili jioni. Halafu mimi kwa ujanja wangu nikaingia kwenye programu moja ya mikopo ya simu nikachukua 150,000 ya kununua mota, siku kumi na nne unarudisha 210,000. Msinicheke. Wengi tumepita huko.

Nikawa naamka saa kumi alfajiri bila alamu. Macho hayajafunguka sawasawa mkono umeshafika kwenye simu, nasoma meseji za wale watu, "umechelewa kulipa, tutawajulisha ndugu na marafiki zako", na kweli walimpigia shemeji yangu Dodoma wakamwambia mimi ni tapeli. Saa kumi na moja naenda moningi glori kanisani, naimba nimefumba macho, mikono juu, ila kichwani nagawanya 210,000 kwa idadi ya sketi. Mtu wa pembeni alikuwa anaona mtumishi wa Mungu kabisa.

Nilikuja kugundua kwamba imani sikuwa nimeikosa. Nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeiweka kwenye foleni nyuma ya deni. Deni linaingia kwanza, linakaa, linaongea mpaka linachoka, ndo Mungu anapewa dakika tano zilizobaki nikiwa nimeshachoka na mimi. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa chini ni habari ya foleni tu, nani anasikilizwa kwanza. Hofu sijawahi kuifukuza ikaondoka moja kwa moja, sitawadanganya.

Soma Mathayo 6 kuanzia juu

Wengi tunaurukia mstari wa 25, "msisumbukie maisha yenu". Rudi nyuma kidogo. Mstari wa 25 unaanza na maneno "kwa sababu hiyo", sasa sababu ipi? Iko mstari wa 24, hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Mimi nilishangaa, maana siku zote nilijua habari ya kutumikia mali ni ya matajiri, wenye magorofa Masaki. Kumbe na mtu asiye na kitu anaweza kuitumikia hela, tena kwa bidii kuliko tajiri, kwa sababu anaamka nayo saa kumi alfajiri na analala nayo. Mimi ile Januari ukiniuliza bosi wangu nani, jibu la kweli lingekuwa 210,000.

Halafu cheki mstari wa 28, "na mavazi, ya nini kuyasumbukia?" Fundi cherehani nikasema Bwana Yesu hapo umenigusa mimi na familia yangu, watu wasiposumbukia mavazi mimi nitakula nini jamani. Ila ukisoma taratibu hakatazi kushona. Anasema maua hayasokoti na bado Sulemani na utajiri wake wote hakupendeza kama ua moja. Na mstari wa 32 anasema Baba yenu anajua kwamba mnahitaji hayo yote. Anajua. Hajasema hamhitaji kodi, hajasema chakula ni tamaa ya mwili. Mtu akikwambia kwamba kuwaza ada ya mtoto ni kukosa imani, mwambie arudi kwenye mstari wa 32.

Asubuhi: Baba Yetu kwanza, simu baadaye

Hii ndo imenisaidia kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza simu isilale na wewe. Yangu inalala sebuleni, juu ya kabati la vyombo, nikiisikia inalia inabidi nishuke kitandani nitembee. Kama una mgonjwa hospitali au mzazi mzee kijijini weka mlio wa namba zile tu, zingine zima. Kuamka haikusumbui, uswahilini kwetu kuna adhana, kuna jogoo wa jirani, kuna gari la mchanga, utaamka tu.

Ukiamka kaa kitako. Usilale ukasali ukiwa umejifunika, utasinzia, mimi nimesinzia mara nyingi sana katikati ya "utusamehe makosa yetu". Kaa, weka miguu chini kwenye sakafu baridi, halafu sali Baba Yetu, ile ile ya Mathayo 6 ambayo tumeikariri toka sandeskuli mpaka haina ladha. Ila isali kwa kusimama kila kituo, kama daladala.

Ona ilivyopangwa. Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe. Vituo vitatu vyote vya Mungu, hela hujaitaja bado. Cha nne ndo "utupe leo riziki yetu". Yaani Yesu mwenyewe kapanga foleni, riziki ipo, haijafukuzwa, ila ni ya nne. Mimi nilikuwa naanzia kituo cha nne, tena nashukia hapo hapo.

Kwenye kila kituo ongea kwa maneno yako. Nikifika "jina lako litukuzwe" namtajia Mungu kitu kimoja ninachomjua kwacho, labda kwamba ni mwaminifu, labda kwamba alinivusha uzazi wa mtoto wa pili ambao ulikuwa mgumu. Kwenye "ufalme wako uje" namwombea mtu mwingine, sio mimi, labda yule mama anayeuza mihogo pembeni ya kibanda changu. Kwenye "mapenzi yako yatimizwe" hapo ndo pagumu, nakaa kimya mara nyingi, siku zingine nasema tu Bwana sitaki ila nataka kutaka. Ndo nafika kwenye riziki, na nikifika hapo namwambia yote, kwa namba kamili, hata senti sifichi.

Ikifika dakika kumi umemaliza. Usijitwishe saa nzima siku ya kwanza, utaacha siku ya tatu, nawajua watu na najijua mimi. Ukimaliza ndo kaichukue simu, na meseji za deni utazikuta hapo hapo, hazijaenda popote. Tofauti ni kwamba umezisoma baada ya kuongea na mtu mkubwa kuliko hizo.

Daftari, na jinsi ya kumtwika

Nunua daftari la kaunta, lile dogo la kurasa 48 linatosha. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kulia andika unachoweza kufanya leo kwa mikono yako. Kushoto andika kile ambacho hata usipolala mwezi mzima huwezi kukibadilisha.

Mfano wangu wa siku moja ile Januari. Kulia: kumpigia mwenye nyumba kabla hajanipigia yeye. Kumaliza sketi nane. Kuuliza bei ya mota ya mtumba. Kushoto: mfupa wa mume wangu kuunga. Mwenye nyumba atasemaje. Wateja kunilipa kwa wakati. Ukiandika hivi utaona kitu cha ajabu, saa zote za usiku unazopoteza unazipoteza kwenye ukurasa wa kushoto, na ukurasa wa kulia ambao ndo wa kwako unaufanya nusu nusu kwa sababu umechoka.

Ukurasa wa kushoto unaupeleka. Kwenye 2 Wafalme 19 mfalme Hezekia aliletewa waraka wa vitisho na Waashuru, jeshi limeshakula miji mingine, barua inamwambia Mungu wako asikudanganye. Aliusoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele za Bwana. Karatasi yenyewe! Aliifungua pale kama mtoto anayemwonyesha baba yake ripoti ya shule yenye maksi mbaya. Nami nikafanya hivo hivo, na naona aibu kidogo kusema lakini acha niseme, niliiweka simu kwenye stuli, nikafungua ile meseji ya "tutawajulisha ndugu zako", nikapiga magoti, nikaisoma kwa sauti kwa Mungu mpaka mwisho na jina la aliyetuma. Nikasema Baba hawa ndo wananiandikia hivi. Mume wangu chumbani akauliza unaongea na nani.

Nikiisoma kimya kimya usiku ilikuwa kubwa kama nyumba. Nilipoisoma kwa sauti mbele ya Mungu nikaona ina makosa ya spelling.

Kuna neno kwenye 1 Petro 5:7 ambalo Biblia yetu ya Kiswahili imelipatia kweli kweli, "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Kumtwika. Wote tumeteka maji bombani tunajua. Unapomtwika mwenzako ndoo ya lita ishirini unainyanyua, unaiweka juu ya kata kichwani kwake, halafu unaachia. Ukiendelea kushika mkono wa ndoo eti unamsaidia, anapepesuka, maji yanamwagika mnalowa wote wawili. Sala zangu nyingi zilikuwa za namna hiyo, namtwika Mungu huku nimeng'ang'ania ndoo. Kwa hiyo nikimaliza kusoma ukurasa wa kushoto nafunga daftari na kuliweka chini ya Biblia, na kama saa tano asubuhi kile kitu kinarudi kichwani, na kitarudi, nasema kwa mdomo "hicho kipo chini ya Biblia" naendelea kukata kitambaa. Kinarudi tena saa sita, nasema tena. Wakati mwingine mara ishirini kwa siku. Bwana Yesu Gethsemane alisali mara tatu kwa maneno yale yale, Mathayo 26 imeandikwa, basi na wewe ukirudia usione umefeli.

Kuishi kwa mana bila kuwa mzembe

Hapa watu wanachanganya mambo. Wengine wanasema tumeambiwa tusisumbukie ya kesho, basi hawaweki akiba, hawaandiki mahesabu, ada inawakuta wamekaa wanasema Bwana atatenda. Wengine wanaweka akiba mpaka hawalali, kila wakila wanaona wanaila kesho.

Kasome Kutoka 16 yote. Mungu aliwapa mana, kipimo kimoja cha pishi kwa kila kichwa, sehemu ya siku kwa siku. Waliobakiza mpaka asubuhi ikaingia mabuu ikanuka, Musa akakasirika. Ila siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili, waweke, na ile haikuoza. Mana ile ile, jangwa lile lile. Iliyooza ni iliyowekwa kwa hofu kwamba kesho hatashusha. Iliyobaki nzima ni iliyowekwa kwa sababu yeye ndo kasema weka. Na Yusufu kule Misri aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, hakuna aliyemwambia hana imani.

Kwa hiyo mimi naweka. Kila sare moja ninayoshona natoa elfu moja naweka kwenye kibubu cha ada, na kikoba nimo. Jipime kwa swali hili: nikishaweka, naweza kulala? Nikiona baada ya kuweka bado nahesabu, nafungua tena, nahesabu, basi najua ile imeshaanza kuingia mabuu.

Na mikopo, jamani. Nisiwafundishe kusali halafu niwaache kwenye kausha damu. Kukopa kwa hofu usiku wa manane ukiwa peke yako na simu ndo kutanguliza hofu kwenyewe. Weka sheria yako, mimi yangu ni kwamba sikopi kitu kabla sijalala usiku mmoja na kumwambia mtu mmoja. Ningekuwa nayo Januari ile ningeokoa elfu sitini ya riba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni, nikaisoma yote jina kwa jina na kikombe cha chai mkononi. Kama yangu ilikuwemo au haikuwemo hiyo nabaki nayo mwenyewe. Kabla hujachukua hela ya mtu uliza kwanza kama ana leseni.

Fanya kazi yako

Hili fupi. Nehemia alipotishwa na maadui wakati wa kujenga ukuta, sura ya 4, anasema tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi. Vyote viwili, kwenye sentensi moja. Ukishamaliza kusali ukurasa wa kushoto nenda kafanye wa kulia, hata kama ni kumpigia simu mtu unayemwogopa. Mimi mwenye nyumba nilimpigia saa mbili asubuhi, mikono inatetemeka, nikamwambia ukweli wote, nina ya miezi mitatu sasa hivi, iliyobaki nipe mpaka Aprili. Alifoka kama dakika tano. Halafu akasema sawa lete hiyo. Wiki mbili nilikuwa namkimbia, nikiona namba yake nageuza simu, na jibu lake lilikuwa dakika tano za kufokewa.

Sadaka nayo niiseme haraka. Toa, bahasha yako ya ahadi toa, na toa mwanzoni kabla hela haijaingia mikono mingi, hiyo nayo ni foleni. Ila mtu akikwambia "panda mbegu ya laki deni lako lifutike Ijumaa", shika pochi yako vizuri, hapo unauziwa kitu. Nimeona mama mmoja akitoa ada ya mtoto namna hiyo. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima.

Mwambie mtu

Mimi nina kiburi cha ukimya, nasema mapema. Jumuiya yetu inakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, tunasoma neno, tunaombeana, na kila wakiuliza nani ana hitaji nilikuwa nasema "mniombee tu kwa ujumla". Kwa ujumla! Mtu ana kodi, mguu, mota na kausha damu anaombewa kwa ujumla.

Jumamosi moja tulikuwa kwangu, na huwezi kuficha kwako, ovaloki imefunikwa kanga na oda zimelala kwenye mifuko. Mama mmoja mtu mzima akauliza mbona mashine umeifunika mwanangu. Nikaanza kulia kabla sijajibu. Kilichotokea baadaye usitegemee malaika. Kulikuwa na fundi mwenzangu ndani ya jumuiya ile ile, anakaa mtaa wa pili tu, akasema ovaloki yangu jioni haina kazi, njoo saa mbili mpaka saa tano utumie, utaniachia hela ya LUKU. Wiki tatu nilishona sare kwake. Mtaa wa pili! Miezi yote namwomba Mungu msaada kutoka mbinguni na alikuwa ameuweka pale, mimi ndo nimefunga mdomo.

Kwa hiyo ukienda jumuiya, au kikundi chochote cha maombi, taja hitaji kwa jina lake. Kama unaogopa maneno kusambaa, na yanasambaa, tusidanganyane, chagua mtu mmoja unayejua hana mdomo, mwambie huyo. Ukikosa kabisa nenda kwa mzee wa kanisa au mchungaji, ndo kazi yao hiyo.

Mwili nao una sehemu yake

Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikimbia, akakaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtuma malaika amguse, inuka ule, kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala akalala tena. Akaguswa tena, kula, safari ni kubwa mno kwako. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye kabisa, mlimani Horebu.

Mimi nilikuwa nafunga siku tatu nikiwa na stresi huku nalala masaa matatu tu kwa usiku, halafu nashangaa mbona naona giza tu. Siku hizi kabla sijasema shetani ananishambulia najiuliza kwanza, nimekula? Nimelala? Zaburi 127 inasema kuamka mapema na kuchelewa kulala na kula chakula cha taabu ni bure, yeye humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi umeitwa zawadi, basi ipokee.

Na kama wiki zinapita hulali kabisa, moyo unaenda mbio umekaa tu, au unawaza kujidhuru, hapo nenda hospitali, mwambie daktari na mwambie mtu wa nyumbani leo leo. Usingoje mkesha wa Ijumaa. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, Paulo anamwita hivyo kwenye Wakolosai, na Paulo alisafiri naye.

Ukisali na kitu hakijabadilika

Hapa sina maneno mengi matamu. Paulo aliandika "msijisumbue kwa neno lo lote" kwenye Wafilipi akiwa na vifungo, na ukisoma ile sura ya 4 vizuri aliyoahidi ni amani ya kulinda moyo, minyororo hakusema itakatika wiki hiyo. Na huyo huyo Paulo kwenye 2 Wakorintho 11 anasema kuna mzigo unaomjia kila siku, wa kuyaangalia makanisa yote. Kila siku. Mwiba wake nao aliuombea mara tatu, akajibiwa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki.

Sasa nikwambie ninachofanya na daftari. Kitu kikijibiwa kwenye ukurasa wa kushoto nakikata mstari mmoja kwa biki nyekundu na kuandika tarehe, sikifuti, nataka kiendelee kusomeka. Mwenye nyumba amekatwa. Deni la simu limekatwa, Machi 2024, nililipa mpaka shilingi ya mwisho na shemeji yangu nikamwomba radhi. Mota imekatwa, nilipata ya mtumba. Siku nikiwa sina hamu ya kusali nafungua nyuma nahesabu mistari myekundu, inachukua kama dakika mbili.

Mguu wa mume wangu haujakatwa. Mfupa uliunga ila umeunga vibaya, anachechemea, lori hawezi kuendesha tena, siku hizi ananisaidia kukata vitambaa na ana mkono mzuri kuliko nilivyotegemea, anabishana na wateja kuhusu vipimo kama yeye ndo fundi. Hilo ni daftari la tatu sasa hivi. Kila nikifungua jipya nauhamisha, naandika ukurasa wa kwanza, kushoto, mstari wa juu kabisa: mguu wa Baba Neema.